Mwalimu wa Fanki Nyuma ya Duka la Magodoro

Sikumpenda hata siku moja, na yeye hakuniomba nimpende. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akishazeeka, watu huanza kumsafisha. Ukali wake wanauita msimamo, na matusi yake wanayaita mzaha. Huyu mimi sitamsafisha. Alikuwa mwalimu wangu wa piano hapa Garissa. Alinifundisha kupiga fanki, muziki wa dansi wa enzi za ujana wake, na chakula ninachokula leo kinatokana na kile alichonifundisha. Hayo yote ni kweli, na bado sikumpenda.

Tulimwita Mwalimu. Ndivyo alivyotaka kuitwa, hata na watu ambao hakuwafundisha chochote. Mwenye duka akimwita "mzee" alijifanya kiziwi. Muuza maziwa akimwita "adeer" kwa heshima, kama kila mtu wa rika lake anavyoitwa hapa mjini, alimjibu kwamba yeye si mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mrefu, mkavu, ndevu zimepakwa hina, shati limefungwa kifungo hadi shingoni katika joto ambalo sisi wengine tulikuwa tukitafuta namna ya kuvua ngozi. Kucha za mkono wa kushoto alizikata karibu na nyama. Za kulia aliziacha ndefu kidogo, zigonge. Aliyemwuliza sababu alifukuzwa.

Nilimfahamu kwa bahati mbaya. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule tu, napiga kinanda kanisani siku za Jumapili, na mama yangu, muuguzi aliyehamishiwa huku kutoka Tana River, alikuwa amenipeleka sokoni tununue godoro. Tukiwa bado tunabonyezabonyeza magodoro kujua lipi gumu, nikasikia kitu nyuma ya ukuta. Sikukisikia kwa masikio tu. Kilikuwa kikinipiga tumboni, kinatua, kinanyamaza, kinarudi mahali ambapo sikukitarajia. Nilizunguka nyuma ya duka bila kumuaga mama.

Ndani ya stoo, katikati ya magodoro yaliyosimamishwa kama kuta, kulikuwa na piano ya kweli, ya mbao, na mzee amekaa mbele yake.

"Unataka nini?"

"Nasikiliza."

"Unajua kubiga?"

Nikasema najua. Ulimi wake wa Kisomali uligeuza *p* kuwa *b* na *v* kuwa *f*, na Kiswahili chake, alichokiokota katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera na baadaye hapa sokoni, hakikuwa na subira na ngeli. Alinipisha. Nilipiga wimbo wa kanisani, ule niliokuwa nikiuweza zaidi, mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza amefumba macho, nami nikadhani nimemgusa moyo. Nilipomaliza akayafumbua.

"Nani amekufa?"

Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisonya. Mwalimu hakumtazama. "Kuanzia leo jina yako ni Kanisa," akaniambia. "Kesho kuja mabema."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu.

Ile piano ilitoka katika hoteli moja iliyofungwa, na ililetwa sokoni kwa mkokoteni wa punda, yeye akitembea pembeni ameishikilia kama mgonjwa. Aliiweka kwenye ile stoo kwa sababu magodoro yalimeza sauti, na majirani walikuwa wamekwisha kuchoka naye kwingine. Hata hivyo fundi viatu wa upande wa pili aligonga mabati kila siku akitaka kimya. Mwalimu naye alimgongea mabati kwa kisigino cha kiatu, kwa mdundo, mpaka fundi akatoka nje kuapiza.

Hewa ya Garissa ni kavu, na mbao hupasuka. Basi Mwalimu aliweka beseni la maji chini ndani ya tumbo la piano, na kila asubuhi alilowesha blanketi akalitandaza juu ya mgongo wake. Kiangazi kimoja mabomba yalikauka, mji mzima ukawa unanunua maji ya mikokoteni, na mama alikuwa akitupimia mimi na wadogo zangu maji ya kuoga kwa kikombe. Beseni lile halikukauka. Siku moja, baada ya kufanya mazoezi katika stoo ile hadi macho yakaniingia giza, nikamwomba maji.

"Hii si yako."

"Ni ya nani?"

"Ya biano. Wewe iko na miguu, enda dukani. Biano haina miguu."

Nilikwenda dukani. Nilikunywa kwa hasira, na niliporudi alikuwa amepiga magoti, anapapasa ubavu wa piano kwa kiganja, anatafuta ufa, taratibu, jinsi mama yangu alivyopapasa tumbo la mjamzito.

Kuhusu kufundisha kwake, sijui niseme nini bila kumsifu, kwa hiyo nitaeleza tu. Alifunga kifuniko cha piano. Kwa majuma mengi sikugusa kibonye hata kimoja, nilipiga mbao. Mkono wa kushoto peke yake. Alihesabu moja, mbili, tatu, nne kwa kugonga kijiko kwenye kifuniko cha chupa ya chai, na kazi yangu ilikuwa kutua kwenye moja. Kutua tu, kisha kuondoka. Nilidhani ni kazi ya mtoto. Kumbe nilikuwa natua kila mara kabla ya wakati, kwa woga, na kila nilipotua kabla ya wakati kijiko kilinigonga kwenye kifundo cha kidole.

"Moja ni mlango ya nyumba," alisema. "Ukikosa mlango, umegonga ukuta."

Baadaye alifungua kifuniko na akanionyesha fanki ni kitu gani. Mkono wa kushoto unabeba besi, sauti chache, nzito, zimekatwa fupi. Mkono wa kulia unaingia katikati ya hesabu, unagonga na kuondoka upesi kama uliogusa sufuria ya moto. Kisha unaacha. Kazi ngumu kuliko zote ni kuacha. Mikono yangu ya kanisani ilijaza kila pengo. Wa kulia uliufuata wa kushoto kama kondoo, popote ulipokwenda, na mara nyingine yote miwili ilisimama ikitazamana.

"Kwa nini unajaza?"

"Pako wazi, Mwalimu."

"Ndiyo! Bako wazi! Watu watacheza wabi kama umejaza wewe yote?"

Nimesikia walimu wengi tangu wakati huo, wengine wamesomea muziki Nairobi na kwingineko. Hakuna aliyenieleza jambo lile kwa ufupi zaidi. Na hakuna aliyenieleza kwa dharau zaidi, kwa sababu aliendelea kusema kwamba watu wa kanisa, watu wa ofisi, na watu wa mto Tana kama mimi tunaogopa kimya kwa kuwa ndani yetu hamna kitu.

Siku ya kuweza ilikuja bila taarifa. Nilikuwa nimekaa, jasho linanitiririka mgongoni, nikipiga ule mdundo kwa mara isiyojulikana, na ghafla mikono ikaachana. Niliisikia ikiachana. Wa kushoto ukawa unatembea zake na wa kulia unauchokoza kutoka pembeni, na mimi nikawa kama mtu aliyekaa katikati akiwasikiliza watu wawili wakizungumza. Nilicheka kwa sauti. Nilimtazama Mwalimu nikitaka aone. Alisimama, akanifunikia kifuniko, nusura anibane vidole.

"Umebata. Sasa enda nyumbani."

"Nirudie kidogo tu, nisisahau."

"Ukisahau, haikuwa yako."

Nje, fundi viatu aliniuliza mbona leo nimelia. Sikuwa nimejua kwamba nimelia.

Alijigamba sana kuhusu Mogadishu ya kabla ya vita. Alisema alipiga katika hoteli zilizokuwa ufukweni, vijana wamevaa suruali zilizopanuka chini, nywele zimefugwa kama vichaka, wasichana wanacheza mpaka viatu vinakatika. Alisema fanki ya Wasomali ilikuwa na kitu ambacho hata wenyewe walioianza ng'ambo hawakuwa nacho, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mwendo wa ngamia. Kisha alitutupia macho, sisi wanafunzi wake wachache, kuona nani hakuamini. Mimi sikuamini. Nilidhani huko alikuwa mbeba spika tu.

Aliyenisahihisha ni mama yake Saadia. Saadia ni mwimbaji, mzaliwa wa hapa, na ndiye rafiki yangu wa kazi hadi leo. Mama yake alikuwa amecheza katika kumbi zile akiwa msichana. Nilipomtajia Mwalimu, alikunja uso.

"Huyo namjua. Alikuwa anapiga vizuri kuliko wote."

"Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli. Na alikuwa mbaya hivyohivyo. Mpiga ngoma wao alimwaga chai juu yake mbele ya watu, na ukumbi mzima ulipiga makofi."

Usidhani basi kwamba vita ndivyo vilivyomharibu. Mimi nilikuwa nimeanza kudhani hivyo, na kumhurumia kwa hilo, mpaka mama huyo aliponiondolea shaka.

Ubaya wake haukuwa na mpango. Alimwita mwana wa mwenye duka "Godoro" mpaka kijana akaacha kuja. Mama yangu alimfunga kidonda cha mguu pale hospitalini, kidonda cha sukari kilichokuwa kinanuka, akamwosha bila kuonyesha kinyaa, na shukrani aliyopata ni kuambiwa, "Mtoto yako haina sikio." Mama alirudi nyumbani amevimba. "Usirudi kwa yule mtu," alisema. "Ana mdomo kama jalala." Lakini mwanamke aliyeuza maziwa ya ngamia pale kona alipougua, Mwalimu huyohuyo aliketi juani kwenye kigoda chake siku nzima, siku baada ya siku, akimuuzia maziwa yasiharibike, na akiwatukana wateja waliolalamika. Mwanamke alipopona akaja kumshukuru, alimwambia maziwa yake ni maji matupu. Nimejaribu kuunganisha hayo mawili kwa miaka. Hayaungani, na nimeacha kujaribu.

Kilichonitoa kwake ni harusi.

Alikuwa akipigia harusi za mjini kwa kinanda cha umeme, na mgongo ulipoanza kumsumbua akanichukua nimsaidie. Nilikaa upande wake wa kushoto, nikipiga besi, yeye akipiga ya juu, Saadia akiimba. Ukumbi ulijaa wanawake, uturi na udi, bibi harusi amekaa kwenye kiti chake kama malkia, vigelegele. Nilikuwa nimejiandaa. Mama alikuja kunitazama ijapokuwa alimchukia Mwalimu, amevaa gauni lake la Pasaka, amesimama karibu na mlango.

Katikati ya wimbo wa tatu au wa nne nilichangamka. Ninakiri mkono ulisonga mbele kidogo. Ni kitu ambacho pengine watu wawili tu ukumbini wangekisikia. Mwalimu alisimamisha muziki. Akanishika kifundo cha mkono, akauinua mkono wangu juu mbele ya ukumbi mzima, kama mtu anayeuza kuku.

"Hii mkono," akasema kwenye kipaza sauti, "inakimbia! Nani anaitaka?"

Walicheka. Siwalaumu, ilisemwa kwa namna ya kuchekesha. Bibi harusi naye alicheka. Nilimwona mama yangu akigeuka na kutoka nje ili nisimwone amenitazama. Nikaunyakua mkono wangu, nikachukua mkoba, nikapita katikati ya wale wanawake wote. Nyuma yangu muziki ulianza tena, besi na ya juu, yote akiipiga peke yake, na ilikuwa safi, haikuwa na dosari, na nilimchukia kwa hilo zaidi ya yote.

Saadia alinifuata kwangu baada ya siku chache. "Mimi sirudi kwake," alisema. "Wewe na mimi tufanye yetu." Ndivyo tulivyoanza. Nilinunua kinanda changu, tukapigia harusi Garissa, Wajir, mpaka Kotile huko ndani ambako spika zilibebwa na trekta. Watu walishangaa kumwona mwanamke wa Kipokomo, Mkristo, anapiga mdundo ule wa kale wa Kisomali uliowafanya mama zao wainuke vitini. Waliuliza nani alinifundisha. Nilisema nilijifunza. Yeye naye, akiulizwa, alisema hanijui.

Kisha akapotea mjini. Piano, nilisikia, iliuzwa kwa fundi seremala. Watu wakasema amerudi Hagadera kwa ndugu zake, kwamba ameacha muziki, kwamba ametubu. Nilisema vizuri, apumzike, nasi tupumzike. Wapo wengi hapa kwetu wanaoona muziki ni makosa, nami nimeishi nao vizuri maisha yangu yote. Wao hupita upande wao wa barabara na mimi wangu, na tukikutana tunasalimiana. Saadia ni Mwislamu anayeswali swala zake zote, na akiulizwa husema hilo ni kati yake na Mola wake.

Mwaka huu Mwalimu alirudi Garissa, akakaa kwa binti wa dada yake, mtaa wa Bula Punda. Baada ya muda harusi zetu zikaanza kuvunjika. Familia moja ilitupigia simu kuomba radhi, bila sababu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu, mama wa bibi harusi aliona aibu akanieleza: kuna mzee anapita nyumba zenye harusi. Anakaa, anakunywa chai, anawaambia kwa upole wasituite. Anasema sisi tu. Kwa nyumba iliyowaita wanamuziki wengine, hakwenda.

Nilikwenda siku hiyohiyo, jua la saa tisa, sikuwa nimekula. Binti wa dada yake, mwanamke mchovu mwenye mtoto mgongoni, alinifungulia geti la bluu. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, tasbihi mkononi, mguu mmoja umefungwa bendeji. Alikuwa amekonda sana. Sikumhurumia.

"Assalaamu aleikum," nikasema.

"Waaleikum salaam, Kanisa. Kaa."

"Sikai. Unapita kwa wateja wangu?"

"Ndiyo."

Nilikuwa nimejiandaa akane. Ikabidi nivute pumzi upya. "Kwa nini? Nilikukosea nini?"

"Mimi nimetubu."

"Tubu, Mwalimu. Hakuna aliyekukataza. Lakini tubia mikono yako. Mbona unatubu kwa mikono yangu?"

Hapo akanitazama. Sikuwahi kuyaona macho yale bila dharau ndani yake, na mwanzoni sikuelewa ninachokiona.

"Wengine wanabiga, dhambi ni yao," alisema. "Wewe ukibiga, hiyo ni mimi nabiga. Nilikubatia. Kila harusi unabiga, inaandikwa kwangu. Nalala, inaandikwa. Naswali, wewe uko Wajir unabiga, inaandikwa. Nimeuza biano, nimeacha yote. Iko imebaki wewe tu."

Binti wa dada yake aliingia ndani akafunga mlango taratibu.

"Wanafunzi wako wengine je?"

"Wale hawakubata kitu." Alisema kama anayetaja jambo linalojulikana na kila mtu. "Wewe ndiye ulibata."

Nilisimama juani pale. Mtu aliyekuwa akigonga vidole vyangu kwa kijiko, aliyeniinua mkono kama kuku mbele ya mama yangu, alikuwa ananiambia kwamba katika maisha yake yote amebakiwa na kitu kimoja, na kitu hicho ni mimi, na anakiogopa. Hakuwa anadanganya.

"Nakuomba," akasema. "Mimi sijaomba mtu. Acha."

Ningeweza kumwambia nitafikiria. Ningeweza kumwambia kwamba Mungu ni mwenye huruma, maneno ambayo kwake na kwangu ni yaleyale. Mama yangu, Mungu amrehemu, hata yeye pengine angemwambia hivyo, kwa kuwa alikuwa muuguzi na mwenye mguu ule alikuwa mgonjwa. Nilifikiria watoto wangu na karo yao, na Saadia na mama yake. Lakini nikiwa mkweli, si hao walionijibisha.

"Nina harusi Alhamisi," nikamwambia. "Hapa hapa Bula Punda. Upepo ukiwa mzuri utasikia."

Akafumba macho. Midomo yake ikaanza kutembea, na sikujua kama ananiombea au ananiapiza. Binti wa dada yake alikuwa amefungua tena mlango; nilipompita akanitazama vibaya, nikaona ana haki.

Alhamisi tulifunga spika nje, kwenye turubai, kwa sababu nyumba ilikuwa ndogo. Saadia aliuliza tuzielekeze wapi. Kwa kawaida huzielekeza kwa wageni. Nilizishika mwenyewe, nikazigeuza kuelekea mtaa wa pili, nyumba ile yenye geti la bluu, kisha nikakaa kwenye kinanda nikaanza kupiga.